Kushirikiana, Kuungana, Kuchangiana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maneno ya Kufanya Jambo Pamoja

Maswali haya yamekusanywa Lamu kutoka kwa makatibu wa vikundi, wanafunzi wa shule za upili na wageni wa bara wanaojifunza Kiswahili cha mwambao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia jirani zangu wa Langoni kuandika katiba za vikundi, barua za maombi na kumbukumbu za mikutano, na nimeona kwamba makosa mengi hutokea pale mwandishi anapolijua neno lakini hajui neno hilo linaahidi nini. Majibu yanaweza kusomwa bila kufuata mpangilio. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, msomaji anaelekezwa huko.

## Misingi

1. Kwa nini Kiswahili kina maneno mengi hivi ya kufanya jambo pamoja? Si yote maana yake ni moja?

La, ingawa kamusi nyingi huyafasiri kwa kuyazungusha: ukitafuta "ushirikiano" unaelekezwa kwa "umoja", na ukitafuta "umoja" unarudishwa kwa "ushirikiano". Njia nyepesi ya kuyatenganisha ni kuuliza watu hao wameweka nini katikati. Wanaweza kuweka nguvu za mikono, wanaweza kuweka mali, wanaweza kuweka kauli, au wanaweza kupeana zamu tu bila kuchanganya chochote. Kila hali ina neno lake, na anayeyachanganya huishia kuahidi kitu ambacho hakukusudia kukitoa.

Chukua siku ya kushua jahazi pale Matondoni, kijiji cha Lamu. Chombo kimekaa juu ya magogo; sehemu yake ya chini imepakwa shahamu na chokaa, mbao za juu zinang'aa kwa mafuta ya sifa, yaani mafuta ya samaki, na harufu yake imetanda ufuoni kote. Watu wanangoja maji ya bamvua yajae. Kamba mbili zimenyooshwa, mtu mmoja anatoa mwito, wengine wanaitikia, na kwa kila kiitikio chombo kinasogea kiasi cha hatua moja. Wanaokokota kamba wanasaidiana, na kwa kuwa wanavuta kwa mwito mmoja, wanavuta kwa pamoja. Ndugu wawili walionunua mbao na misumari kwa fedha zao ni wabia. Jirani walioleta mchele na mbuzi wa karamu wamechanga. Mafundi waliokuwa wakipokezana kutia kalafati, yaani pamba ya kuzibia nafasi za mbao, walifanya kazi kwa zamu. Mtoto aliyepanda juu ya rundo la boriti akishangilia ameshiriki, na hakuna atakayemnyima neno hilo. Lakini siku jahazi litakapopata nauli yake ya kwanza, watakaoketi kuigawana ni wale wabia peke yao.

2. Kuna tofauti gani kati ya "kushiriki" na "kushirikiana"?

Mtu hushiriki jambo, lakini hushirikiana na mtu. "Nilishiriki maulidi ya Riyadha" maana yake ni kwamba nilikuwapo na nilifanya yaliyofanywa na wengine: nilisikiliza kasida, pengine nilitembea katika zafa. "Tulishirikiana kuandaa maulidi" maana yake ni kwamba kazi yangu ilitegemea kazi ya mwenzangu na yake ilitegemea yangu. Mwisho wa "-ana", ule ule ulio katika "pendana" na "pigana", ndio unaoleta maana ya kutendeana.

Mfano ambao wanafunzi hawausahau ni huu: kushiriki mtihani ni wajibu wa kila mwanafunzi, lakini kushirikiana katika mtihani kunaweza kumfanya afutiwe matokeo.

Zingatia pia nafasi ya mtendaji. Ukisema "Ali na Fatuma wanashirikiana", umewaweka sawa. Ukisema "Ali anashirikiana na Fatuma", habari ni ya Ali, na Fatuma anatajwa kwa sababu yake. Katika barua rasmi tofauti hii ndogo huonyesha mradi ni wa nani.

3. Na "pamoja", "kwa pamoja" na "wote" je?

"Wote" ni hesabu tu. "Wavuvi wote walikwenda baharini" haisemi kama walikwenda katika chombo kimoja au kila mtu na chake. "Walikwenda pamoja" ni safari moja. "Walikataa kwa pamoja" ni kauli moja iliyotolewa kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu magazeti hupenda "kwa pamoja" yanapoeleza maazimio.

Ukitembea Mkomani utasikia wazee wakisema "pamoya", kama wanavyosema "moya", "yeo" na "ndia". Hiyo ni Kiamu safi, lahaja ya Lamu, na haina kosa lolote, ila katika maandishi rasmi huandikwa "pamoja". Lingine la kuangalia ni "pamoja na hayo", ambalo limeacha kabisa maana ya kufuatana na sasa maana yake ni "licha ya hayo" au "zaidi ya hayo".

## Mikono na jasho

4. "Ujima" ni nini, na je, bado linatumika?

Ujima ni utaratibu wa watu kukusanyika na kumfanyia mmoja wao kazi, leo kwako na kesho kwangu: kulima, kuezeka nyumba, kuvuna. Ujima haulipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kurudishiwa. Upande wa Tanga nchini Tanzania kuna "msaragambo", yaani kazi ya kujitolea inayofanywa na watu wengi kwa manufaa ya wote, kama vile kusafisha barabara au kuchimba mtaro. Tofauti kati ya mawili hayo ni nani anayefaidi siku hiyo: katika ujima ni mwenye shamba, katika msaragambo ni kijiji. Jamii nyingine za Kenya zina majina yao, kama "mwethya" kwa Wakamba na "ngwatio" kwa Wakikuyu.

Katika mazungumzo ya Lamu ya leo sisikii "ujima" mara nyingi. Watu husema tu "tumekwenda kumsaidia fulani kuezeka", na kila mtu anaelewa kwamba fulani naye ana deni la mikono. Neno lenyewe limebaki zaidi katika vitabu vya historia, ambamo "mfumo wa ujima" hutumiwa kueleza jamii za kale zisizokuwa na matabaka, na katika sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966, ambamo Ujima ni kanuni ya tatu kati ya saba.

5. Je, "harambee" ni kazi au ni pesa?

Ilianza kuwa kazi, ikaja kuwa pesa. Mwito huu ulikuwa wa watu wanaoinua au kuvuta mzigo mzito: mmoja anasema "Harambee!", wengine wanajibu "Hee!", na mzigo unaondoka. Jomo Kenyatta aliufanya kaulimbiu ya taifa wakati wa uhuru mwaka 1963, na hadi leo umeandikwa chini ya nembo ya taifa la Kenya. Shule nyingi, zahanati na visima vilijengwa kwa njia hiyo, watu wakitoa mawe, mchanga na siku zao za kazi.

Baadaye neno likahamia kwenye mkusanyiko wa kuchangisha fedha, wenye mgeni rasmi, bahasha na majina yanayosomwa kwa kipaza sauti. Maana hiyo ya pili ilikita mizizi kiasi kwamba Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ililitumia neno lenyewe, ikimkataza afisa wa umma kugeuza ofisi yake kuwa mahali pa kuomba au kukusanyia harambee. Kwa hiyo ukiandika leo "tutafanya harambee Jumamosi", msomaji wa Kenya atatia mkono mfukoni kabla ya kutafuta jembe. Ikiwa unataka jembe, andika "kazi ya kujitolea".

Nchini Tanzania neno linaeleweka, lakini halibebi historia hiyo ya siasa.

## Mali na michango

6. "Bia" inayotajwa na wazee ni kinywaji?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini lina msingi. Kuna "bia" ya chupa, ambalo ni neno la mkopo, na kuna "bia" ya kale, yaani kuchanganya mali au gharama. Kutoka kwa hiyo ya pili tumepata "ubia", ambao ni umiliki wa pamoja wa biashara, na "mbia", ambaye ni mwenye sehemu katika biashara hiyo. Kula bia ni kula chakula ambacho kila mlaji amekitolea fungu lake: mmoja analeta unga, mwingine samaki, wa tatu nazi.

Hapo ndipo linapoingia neno zuri linaloanza kusahaulika, "kikoa". Kula kikoa ni watu wa kundi moja kula pamoja kwa zamu: leo sinia linatoka kwako, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa wa tatu. Chakula cha siku hiyo ni cha mtu mmoja peke yake; kilichowekwa katikati ni zamu. Katika bia, asiyeleta fungu lake anajulikana siku hiyo hiyo kwa sababu mchuzi hauna nazi. Katika kikoa, mtu anaweza kula wiki nzima kabla ya wenzake kugundua kwamba zamu yake ikikaribia huwa ana safari ya Mombasa.

Vijana wa kompyuta wamelichukua neno "kikoa" na kulipa kazi mpya, ile ya jina la anwani ya tovuti. Sina ugomvi nao, lakini nasikitika kwamba wengi wanalijua hilo na hawalijui la sinia.

7. "Kuchanga", "kuchangia", "kuchangisha" na "kuchangiana" yanatofautianaje?

Kuchanga ni kutoa fungu lako pamoja na wengine: "tumechanga elfu mbili mbili". Kuchangia huonyesha jambo linalotolewa mchango: "tumechangia arusi ya binti yake". Kuchangisha ni kuwafanya wengine watoe, na kwa hiyo ni kazi ya mwenyekiti au mweka hazina. Kuchangiana ni desturi ya kudumu, ambamo anayetoa leo anatarajia kupewa siku yake itakapofika.

Usichanganye na "kusaidia". Msaada unaweza kutoka juu kwenda chini, kwa mtu asiyetarajia chochote. Mchango una wengi ndani yake, hata kama kiasi chako ni kidogo. Mtu mmoja peke yake hawezi kuchanga. Kwa Kiswahili cha Kenya kuna pia "kupiga jeki", yaani kumwinua mtu kifedha kama gari linavyoinuliwa ili libadilishwe gurudumu. Linafaa katika mazungumzo na magazetini, lakini silipendi katika katiba ya kikundi.

Wengine huuliza kama ni sahihi kusema kwamba mwendo wa kasi "umechangia" vifo barabarani. Matumizi hayo yameenea na pengine hayatarudi nyuma. Hata hivyo, kwa sikio la mtu aliyelelewa kwamba mchango ni jambo la kheri, "umesababisha" au "umezidisha" hukaa vizuri zaidi.

8. Kikundi chetu tukiite "chama", "kikundi", "shirika", "ushirika" au "jumuiya"?

Inategemea mnachokifanya na mmejisajili vipi.

"Kikundi" ni jina la jumla na salama. "Chama" nchini Kenya ni kwanza kikundi cha kuweka akiba na kupeana fedha kwa zamu, hasa cha akina mama, ingawa ni pia chama cha siasa na chama cha wafanyakazi. Ukivuka mpaka, Mtanzania huita mzunguko huo wa fedha "upatu", na akisikia "chama" bila maelezo atafikiria siasa. "Shirika" ni taasisi, mara nyingi kubwa, yenye ofisi na waajiriwa, kama Shirika la Afya Duniani. Kikundi cha watu kumi na wawili wanaosuka makuti kikijiita shirika, mfadhili atauliza iko wapi bodi ya wakurugenzi.

"Ushirika" una maana ya kisheria inayostahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu wengi hulichukua kama neno tamu tu la umoja. Chama cha ushirika ni biashara inayomilikiwa na wanachama wenyewe, na kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Utaratibu huo hurejeshwa kwa wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, na ndio unaoutenganisha ushirika na kampuni, ambamo mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Nchini Kenya, Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, imeweka kima cha chini cha watu 10 ili chama kisajiliwe. Siku ya Ushirika duniani huadhimishwa Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kwa hiyo ukiandika "ushirika" katika jina la kikundi chako, afisa wa kaunti ana haki ya kukuuliza hati ya usajili.

"Jumuiya" ni watu wanaounganishwa na jambo lililo kubwa kuliko biashara: dini, eneo, taaluma au mkataba wa nchi na nchi. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa kukusanya, ule ule uliotupa "jamaa", "jamii" na "Ijumaa". Utaona pia tahajia "jumuia". Chagua moja uifuate mpaka mwisho wa waraka.

9. "Mshiriki", "mshirika", "mbia" na "mwanachama": nimwandike yupi katika kumbukumbu za mkutano?

Mwandike kwa hadhi yake, na uwe mwangalifu kwa sababu irabu moja inaweza kukugharimu. Mshiriki ni aliyehudhuria au aliyetenda: mshiriki wa warsha, mshiriki wa mashindano ya mashua. Mshirika ni mwenye mapatano ya kudumu na wewe: mshirika wa kibiashara, nchi washirika. Mbia ni mshirika aliyeweka mali (swali la 6). Mwanachama ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la chama.

Miaka michache iliyopita niliandika kumbukumbu za kikundi kimoja cha uvuvi kilichokuwa kimenunua nyavu na mashine ya boti. Katika azimio la mwisho nilikusudia "washirika wote watagawana faida", mkono ukaandika "washiriki wote". Kumbukumbu zikasomwa, zikathibitishwa, zikatiwa sahihi. Msimu ulipokwisha, vijana saba waliokuwa wamehudhuria mafunzo ya siku moja walikuja na nakala ya karatasi hiyo wakidai mafungu yao, na kusema kweli karatasi ilikuwa upande wao. Mzee mmoja wa kikundi aliniambia kwa upole, "Mwalimu, umewagawia samaki hata waliokuja kunywa chai." Mambo yalimalizwa kwa kuwapa kitoweo na kuwaomba radhi, na tangu siku hiyo huanza kila katiba kwa kifungu cha fasili za maneno.

10. Kuna tofauti kati ya "mwenzi" na "mwenza"?

Ndiyo. "Mwenzi" ni mtu wa kuandamana naye: rafiki, mume, mke, msafiri. Kutoka humo tunapata "mwenzangu", "mwenzako" na "wenzetu". "Mwenza" ni anayekalia nafasi ile ile na mwingine kwa wakati mmoja: mwandishi mwenza, mwenyekiti mwenza, na "mgombea mwenza", lililozoeleka Kenya tangu uchaguzi wa 2013. Wanawake wa mwambao walikuwa na mfano huo kabla ya wanasiasa, kwa kuwa mke mwenza ni yule mnayegawana mume, na si lazima awe mwenzi wako.

## Kauli na msimamo

11. "Umoja", "muungano", "mshikamano" na "shirikisho" yanatofautianaje?

Umoja ni hali ya kuwa kitu kimoja. Hauna mikono, watu wanaweza kuwa na umoja bila kufanya kazi yoyote. Muungano ni matokeo ya tendo la kuungana, na kwa kawaida kuna kitu kipya kinachozaliwa, kama Tanganyika na Zanzibar zilivyoungana tarehe 26 Aprili 1964. Shirikisho ni muungano ambamo sehemu zinabaki na mamlaka yao kwa mambo kadhaa.

Mshikamano ni neno la wakati wa shida. Angalia linavyojengwa: shika, shikana, shikamana. Kiambishi "-mana" huleta maana ya vitu vilivyogandana visitengane kirahisi, kama katika "fungamana". Kwa hiyo tunazungumzia mshikamano wakati kuna kitu kinachotaka kututenganisha: mgomo, mafuriko, uonevu. Mambo yakiwa shwari, "ushirikiano" unatosha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaonyesha maneno haya yakipandishana ngazi. Ilianzishwa mwaka 1967, ikavunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Mkataba huo umepanga hatua nne: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Sarafu, na mwishowe Shirikisho la Kisiasa. Hatua mbili za kwanza zilianza kutekelezwa 2005 na 2010. Waliopanga waliyachagua maneno kwa makini: forodha na sarafu ni mambo ya kufanywa kitu kimoja, soko ni mahali pa kutumia pamoja, lakini dola zenyewe zitashirikishwa bila kuyeyuka.

12. Serikali inasema "tuliwashirikisha wananchi". Je, hiyo ni sawa na kushirikiana nao?

Si sawa. Kuarifu ni kumwambia mtu jambo lililokwisha amuliwa. Kushirikisha ni kumpa nafasi kabla ya uamuzi, ingawa kalamu inabaki mkononi mwa aliyemwalika. Kushirikiana ni kuishika kalamu pamoja.

Tofauti hiyo imewahi kuamua mambo makubwa hapa Lamu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Mwezi Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilibatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari zake. Mikutano ilikuwa imefanyika, na watu walikuwa wamehudhuria. Kwa lugha ya swali la 2, walikuwa wameshiriki mikutano.

13. "Kuunga mkono" ni kushirikiana?

Hapana. Ni kutoa kauli au kura. Unaweza kumuunga mkono mgombea ukiwa umelala kitandani. "Bega kwa bega" huahidi zaidi, kwa sababu aliye begani kwako yuko mahali ulipo. Ndivyo safu ya sala inavyosimama msikitini.

## Matumizi yenye utata

14. "Ushirikina" una uhusiano gani na "ushirika"?

Ni ndugu wa mzizi mmoja, waliolelewa nyumba tofauti. Mzizi wa Kiarabu una maana ya kuwa na mwenza katika jambo. Katika biashara hiyo ni sifa. Katika imani, kumpa Mungu mshirika ni dhambi kubwa, na hapo ndipo "shirki" na "mshirikina" yalipotoka. Kwa hiyo soma upya hotuba yako: "mshirikina wetu wa maendeleo" haitakuletea mfadhili.

15. Watu wakishirikiana kwa ubaya, tutumie neno gani?

"Kula njama" kwa mipango ya siri, "genge" kwa kundi la wahalifu. "Kushirikiana" kunaweza kutumika, kwa mfano "alishirikiana na wezi", lakini "umoja", "mshikamano" na "ushirika" hukataa kabisa kazi hiyo.

Zingatia pia "kula sahani moja". Katika Kiswahili cha magazeti ya Tanzania, "nitakula naye sahani moja" ni kitisho, maana yake ni kwamba nitamwandama mpaka nipambane naye. Mgeni aliyelisikia Dar es Salaam alishtuka sana alipokaribishwa arusini hapa na kuambiwa kwamba yeye na mashemeji wanne watakula sinia moja. Pilau lilipofika alielewa.

16. Simu yangu inaniambia "Shiriki" ninapotaka kumtumia mtu picha. Ni sahihi?

Limezoeleka, lakini halikai sawa, kwa sababu kwa Kiswahili mtu hashiriki picha, mtu hushiriki jambo. "Tuma" linatosha kwa mtu mmoja, na "sambaza" kwa wengi.

17. Mithali zote zinasifu kufanya jambo pamoja?

Nyingi zinasifu: "kidole kimoja hakivunji chawa", "jifya moja haliinjiki chungu", "mkono mmoja haulei mwana". Lakini watu wa bahari waliongeza "manahodha wengi, chombo huenda mrama". Hazipingani. Kutweka tanga la jahazi kunahitaji mikono mingi kwenye henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, kwa sababu foromali, mti unaofungwa tanga, ni nzito, lakini usukani ni wa mtu mmoja. Unaponukuu mithali katika hotuba, tazama kwanza kama unazungumzia henza au usukani.

18. Tunataka kuanzisha chama cha kusaidiana kwenye misiba. "Kuzikana" ni neno linalofaa kuandikwa katika katiba?

Linafaa, na ni la heshima. Watu wa mwambao husema "sisi ni watu wa kuoleana na kuzikana" wanapotaka kueleza ukaribu usiohitaji kuthibitishwa, na "chama cha kuzikana" ni jina linaloeleweka Kenya na Tanzania.

Hata hivyo, kuzikana kwa mtaani hakuna masharti. Jeneza likitoka, wanaume wanapokezana kulibeba kutoka bega hadi bega katika vichochoro ambamo punda wawili hawapishani, na wapo wanaotia bega hatua tatu kisha wakashika njia ya sokoni bila kuuliza ni nani aliyefariki. Katiba haiwezi kuandikwa hivyo. Eleza ni nani anayehesabiwa kuwa tegemezi wa mwanachama, mchango ni shilingi ngapi na unatolewa ndani ya siku ngapi, na kama fedha ni za sanda na usafiri peke yake au ni pamoja na chakula cha matanga. Kama mtatoa kwa zamu au kwa fungu, rudi kwenye swali la 6. Na mtu wenu aandike "wanachama", asiandike "washiriki", kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 9.